Kikombe Kashani mwa Bi Mwanaidi

Vijana wa hapa Goba mkinikuta nachagua mchicha mnaniamkia vizuri, shikamoo mama, kisha mnarudi kwenye simu zenu. Hakuna anayejua kwamba bibi huyu mwenye goti bovu ameingia vyumba vya kulala vya watu wengi kuliko mkunga yeyote wa mji huu. Niliingia mchana, kwa hodi, kikombe mkononi. Sasa nimestaafu, sina mkuu wa kumwogopa, na leo nitajisifu. Asiyependa kusikia mtu mzima akijisifu apite tu, sitamshika kanzu.

Kazi yangu ilikuwa kupima radoni majumbani. Msikunje uso, nitaeleza kama nilivyowaeleza mama zenu. Radoni ni hewa inayotoka ardhini yenyewe. Haina rangi, haina harufu. Udongo na mawe karibu yote huitoa, kidogo kidogo. Ikitokea nje inapeperuka na habari yake inaishia hapo. Ikitokea ndani ya nyumba iliyofungwa inajikusanya, na mtu akiivuta kwa miaka mingi inaweza kumharibu mapafu. Ndipo ikaamuliwa nchi ipimwe nyumba kwa nyumba, ichorwe ramani, ijulikane wapi watu wanaishi salama na wapi wanahitaji kuonywa. Wenzangu walipelekwa mikoani kwenye milima na migodi. Mimi nikapewa Dar es Salaam ya pembeni, kuanzia Temeke mpaka Pugu, kisha Kinondoni mpaka huku Goba, ambako wakati huo kulikuwa na mikorosho kuliko watu.

Kipimo chenyewe kilikuwa kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha matundu. Ndani yake mna kipande cha plastiki maalumu, kidogo kama stempu. Radoni ikiingia humo inaacha alama ambazo jicho haliwezi kuziona. Kikombe kinaning'inizwa chumbani kwa miezi kadhaa. Tukikirudisha maabara, kile kipande tunakitia ndani ya kostiki ya moto, ileile ya watengeneza sabuni, alama zinatanuka, tunazihesabu kwa hadubini. Alama nyingi, radoni nyingi. Hiyo ndiyo sayansi yote. Iliyobaki ni adabu, na adabu ndiyo iliyonichukua muda kujifunza.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa ghafla, na kila kona kulikuwa na mtu anauza plastiki za nje: ndoo, beseni, sahani, vikombe vya kila rangi. Sasa fikiria mimi natokea na kapu langu la vikombe, nimevaa vizuri, nabisha hodi. Pale Kinondoni mama mmoja aliniuliza bei ya dazeni kabla sijamaliza salamu. Nilipomwambia siuzi, nagawa bure na nitakuja kukichukua tena, akaniambia biashara ya namna hiyo itanifilisi, na akanipa uji kwa huruma. Toka hapo mtaa mzima ukaniita Mama Vikombe. Jina hilo limenifuata mpaka kwenye sherehe yangu ya kustaafu.

Aliyenifundisha adabu hiyo ni Mzee Mbwana, fundi sanifu mkongwe wa maabara yetu, mzaliwa wa hapahapa Dar. Mimi nilitoka bara na ukali wangu wa kwetu, nikidhani ukiwa na barua yenye mhuri kila mlango utafunguka. Mzee Mbwana aliniacha nifukuzwe kwenye nyumba kadhaa, kisha akanikalisha. Ukifika, salimia mpaka salamu ziishe. Ukipewa maji, kunywa. Usitaje neno mionzi ungali mlangoni, maana watu wanaijua mionzi ya hospitali na ile ya mabomu, na zote mbili hawazitaki nyumbani. Kikombe usikiweke karibu na dirisha wala mlango, wala ukuta unaopigwa na jua. Kiweke pale mtu anapolala, kiwe usawa wa pumzi yake, kisha umwombe mwenye nyumba aishi kama anavyoishi siku zote. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu binadamu akijua anapimwa hubadilika.

Na walibadilika kweli. Kuna waliofagia chumba kila saa wakidhani tunapima usafi. Kuna bwana mmoja wa Segerea aliyening'iniza kikombe dukani juu ya mizani, akiwaambia wateja ni kifaa cha serikali cha kuhakiki uzito, na biashara yake ikanawiri. Kikombe kingine kilirudi kikiwa na sindano na uzi ndani. Mfanyabiashara mmoja tajiri alikuwa na nyumba mpya ya vioo, zulia ukuta kwa ukuta na kiyoyozi kinachonguruma, nyumba ambayo tuliitaka sana kwenye ramani kwa kuwa ilifungwa pande zote. Msichana wake wa kazi akatundika kikombe nje, kwenye banda la mbwa, kwa sababu bosi wake alisema hicho kitu cha ajabu kisilale naye ndani. Tukapata kipimo kizuri sana cha mbwa.

Nyumba zenu za zamani mnazozidharau, zile za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilikuwa na akili. Juu ya dirisha kuna matofali ya matundu, kati ya ukuta na paa pana upenyo, upepo unaingia na kutoka bila kuombwa. Nyumba hizo zilitupa alama chache kila tulikokwenda. Walioharibu mambo ni wale waliopata fedha na kuanza kuziba: silingi bodi juu, vioo mbele, matundu yakapigwa plasta ili vumbi lisiingie. Mnaojenga leo, acheni matundu. Ushauri huo nautoa bure.

Tena tulifanya kazi wakati wa mgao wa umeme. Ile kostiki inatakiwa ikae kwenye joto moja bila kupanda wala kushuka, la sivyo alama zinatanuka ovyo na hesabu inakuwa uongo. Umeme ukikatika katikati, vipande vyote vinaharibika, na miezi ya watu imepotea. Mzee Mbwana akaleta jiko la mkaa. Tulikaa uani kwa maabara, yeye na kipepeo cha kupulizia moto, mimi na kipimajoto, joto likipanda natoa kaa, likishuka naongeza. Kila mara tulitia pamoja kipande kimoja ambacho alama zake tulikwisha kuzijua, ili kitushitaki tukikosea. Hakikutushitaki. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alipoona jiko lile alipiga picha, nami nilisimama kando yake nimetunisha kifua.

Sasa niwaambie habari ya Bi Mwanaidi wa Temeke, maana bila yeye haya mengine ni porojo.

Alikuwa mjane, mtu wa pwani, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Chumba kimoja alilala yeye, vingine alipangisha, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Juu ya hapo aliuza pemba, ule udongo wa kula wanaoupenda wajawazito. Aliletewa kutoka Pugu, akaukata, akaufukiza karafuu, akaukausha, wateja wakamfuata mpaka kutoka Kinondoni. Nilimwachia kikombe, nikamweleza, nikamwambia ni mali ya serikali na ninamwamini nacho. Msimu ulipokwisha nikarudi, nikakikuta kwenye msumari uleule nilikokitundika. Nikashukuru, nikaondoka.

Kile kipande kilipotoka kwenye kostiki, nilipoangalia kwenye hadubini nilidhani nimeweka kioo vibaya. Kilikuwa kimejaa alama mpaka zinapandana. Nikahesabu, nikamwita Mzee Mbwana akahesabu. Mkuu wetu, ambaye tulimwita Dakta tu, alikuja akahesabu mwenyewe. Hakuna nyumba ya Dar iliyokaribia pale, hata ya vioo. Dakta akasema nyumba ile itaonekana kwenye ramani kwa rangi nyekundu, na kwamba lazima mwenye nyumba aonywe kwa taratibu zake.

Taratibu hazikuwahi. Dereva wetu, mtu mwema lakini hawezi kukaa na neno tumboni, alikuwa amekwisha kunywa kahawa kijiweni Temeke. Nilipofika, nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa na jina jipya: nyumba ya mionzi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikuwa ametoka na mashine yake kichwani siku ileile aliyosikia. Mwalimu na mkewe wakafuata. Vyumba vikabaki vitupu kimoja baada ya kingine. Shemeji yake, Bwana Salum, mdogo wa marehemu, alikuwa amemleta mtu anayetaka kiwanja ili avunje nyumba ajenge ghala la mitumba. Bwana Salum hakuwa mtu mbaya, aliamini anamwokoa shemeji yake. Alimwandalia kichumba uani kwake, akale na kulala bila wasiwasi. Bi Mwanaidi aliyekuwa akikabidhi watu funguo za vyumba sasa aende kuomba pa kutandika mkeka.

Alinikaribisha, akaniletea maji kama kawaida, na ndicho kilichoniumiza zaidi. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumba yangu imewakosea nini?"

Nilirudi ofisini nimevimba kwa hasira, nikamgombeza dereva mpaka akaomba msamaha kwa watu ambao hata hawakuwepo. Mzee Mbwana aliniacha nimalize, kisha akauliza swali moja. Kikombe kile siku nakichukua kilikuwa na vumbi? Nikafikiri. Vikombe vyote vya Temeke vilirudi na vumbi na utando wa buibui, kwa kuwa mitaa ile ilikuwa mchanga mtupu. Cha Bi Mwanaidi kilikuwa kinang'aa. Tena kilinukia moshi wa karafuu. Mzee Mbwana akasema basi hakikukaa ukutani, nenda ukaulize kilikaa wapi, na uulize kama mtoto wake, usiulize kama polisi.

Nikaenda. Nikamsaidia kupanga pemba kwenye ungo, tukaongea ya mvua na ya bei ya mkaa, halafu nikauliza.

"Kashani," akasema, bila kuona ajabu. "Kitu cha watu kitaachwaje ukutani na wapangaji wanaingia na kutoka? Siku nilipokusikia upo kwa jirani nikakifuta, nikakirudisha msumarini, ukikute ulipokiweka. Amana haipungui kwangu, mwanangu."

Akanionyesha kasha, pale chumbani kwake. Lilikuwa la mbao nzito, kubwa la kulala mtoto, na ndani yake mlijaa udongo wa Pugu. Mdomo wake wote aliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukifunga kifuniko hata sisimizi hapiti, ili unyevu usiuharibu udongo. Kikombe changu kilikaa mle msimu mzima, juu ya udongo, katika sehemu ya heshima kuliko zote za nyumba ile. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na machozi yalikuwa yananitoka.

Nyie mtakaofanya kazi za kupima, hapo ndipo mwelewe. Yule mama hakukosea. Kwa watu wa pwani, ukimwachia mtu kitu na kumwambia unamwamini, hakitundiki ukutani kama kalenda. Sisi ndio tuliokabidhi kipimo kwa maneno ya kukabidhi dhahabu, kisha tukashangaa kimefungiwa. Tangu siku hiyo niliacha kusema mali ya serikali. Nilisema: hiki ni kama mgeni, anataka kulala chumbani na kuona mnavyoishi, msimfungie.

Nikamkimbilia Dakta na furaha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaonekana kufurahi kweli, kwa sababu akasema sisi maabara tukitaka kujua udongo fulani unatoa radoni kiasi gani, tunafanya hivyohivyo: tunaufungia kwenye kopo la bati pamoja na kipimo. Bi Mwanaidi alikuwa amefanya jaribio safi bila kuambiwa. Udongo wowote ukifungiwa hivyo utajikusanyia hewa yake, na kasha likifunguliwa inapeperuka. Lakini nilipomwomba aifute ile rangi nyekundu, alikataa. Akasema maelezo, hata yawe matamu vipi, si kipimo. Nyumba ipimwe upya.

Nilimchukia kwa siku nzima. Alikuwa sahihi.

Tatizo ni kwamba kupima upya kulitaka miezi, na mnunuzi wa Bwana Salum hakuwa na miezi. Nani angengoja, na nyumba haina mpangaji hata mmoja? Mimi wakati huo nilikuwa naishi kwa dada yangu Segerea, tumebanana na watoto wake. Nikafunga virago vyangu, nikaenda Temeke, nikamwambia Bi Mwanaidi nataka chumba cha mbele, kile cha fundi cherehani. Akanitazama sana. Aliniuliza kama wazazi wangu wanajua. Nikamwambia hewa ile, hata kama ingekuwepo, haiui mtu kwa msimu mmoja, na kwamba nikimwambia mtaa nyumba ni ya kulalika huku mimi nalala Segerea, nitakuwa na tofauti gani na dereva wetu? Nikatundika vikombe viwili, kimoja kwangu na kimoja kwake. Mtaa ulikuja kunichungulia ninavyopiga mswaki uani, kuona kama nywele zimeanza kunyonyoka.

Bwana Salum alipoona mtaalamu mwenyewe amehamia, akakubali kumngojesha mnunuzi kidogo. Kidogo tu, alisema, na alipita kila Ijumaa baada ya swala kutukumbusha.

Kisha ukaja mtihani ambao sikuutarajia. Jioni Temeke watu hufunga madirisha mapema kwa ajili ya mbu na wezi, joto liwe joto. Siku moja nilirudi kazini nikakuta Bi Mwanaidi ameyaacha wazi yote, chumba changu na chake, na mlango wa uani ameutegeshea tofali. Alikuwa ameelewa somo langu vizuri mno. Upepo ukipita, alama zinapungua.

Nikayafunga, dirisha baada ya dirisha. Akanifuata nyuma ukumbini.

"Yaache, mwanangu. Nani ataona?"

"Mie nitaona," nikamwambia. "Ikitoka ndogo kwa hila, siku Bwana Salum akiniuliza machoni nitamjibu nini? Nyumba yako haihitaji kusaidiwa, mama. Iache ijisemee."

Alitoka barazani, kisha akarudi akalitoa lile tofali mwenyewe. Tangu jioni ile tulifunga pamoja, na wote wawili tulikuwa tunaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Ningeweza kuwa nimekosea, na kwa mikono yangu mwenyewe ningekuwa nimemvunjia mjane nyumba. Sijawahi kujivunia kitu katika maisha yangu ya kazi kuliko madirisha yale yaliyofungwa.

Msimu ulipokwisha nilivichukua vikombe vile na vumbi lake lote. Dakta alikuwa amefungia udongo wa Pugu kwenye bati na kikombe cha tatu, tukavichemsha vyote pamoja. Cha kwenye bati kilijaa alama zinazopandana, kama cha mara ya kwanza. Vile viwili vya chumbani vilikuwa na alama chache, za nyumba ya Kiswahili yenye matundu yake. Mzee Mbwana alihesabu mara ya pili, akavua miwani, akanipa mkono.

Dakta alisema maneno yalimwagikia kijiweni, basi yakazolewe hukohuko. Akaenda mwenyewe, akamchukua na dereva, wakakaa na wazee, wakanywa kahawa na kashata, na dereva ndiye aliyeeleza, mbele ya watu walewale. Kisha tukaenda nyumbani. Ilikuwa Ijumaa, Bwana Salum alikwisha kufika na yule mnunuzi, wamekaa barazani. Dakta akawaeleza taratibu, akawaonyesha hata picha ya alama. Akamshauri Bi Mwanaidi kasha alihamishie stoo ya uani, si kwa kuliogopa, bali ili alale mbali na udongo uliofungiwa. Bwana Salum aliuliza maswali mazuri, akajibiwa yote.

Bi Mwanaidi alijifunga kanga yake vizuri, akasimama.

"Shemeji, ahsante kwa kunifikiria," akasema. "Chai ipo, kunyweni na mgeni wako. Nyumba haiuzwi."

Niliishi pale mpaka nilipoolewa. Vyumba havikukaa vitupu, watu walirudi kama walivyoondoka, na wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mashine kichwani, macho chini. Nilikwisha kujiandaa kuhamia chumba kingine. Bi Mwanaidi alimpokea salamu, akamwuliza hali ya watoto, akakubali kumpa chumba chake kilekile. Ila ufunguo alimcheleweshea. Alimwacha amekaa juu ya mashine yake nje ya mlango tangu asubuhi mpaka alasiri, kila mpita njia akimwona, na nilipomwuliza kwa nini, alisema naye aonje kidogo nyumba ile ilivyokaa peke yake.